Wifi, Mama Atakunywa

Unguja, Jumapili usiku

Wifi yangu mpenzi,

   Joto la huku limenitoa jasho ambalo Dodoma silijui. Kwetu jasho hukauka kabla hujalifuta. Huku unashinda nalo kutwa, nguo imekugandama mgongoni.

Najua uliniambia nipige simu tu. Lakini haya ninayotaka kukueleza yana vipimo ndani yake, nataka uyasome ukiwa jikoni na uyarudie. Na nakuandikia wewe kabla ya kaka yangu kwa sababu wewe ndiye unayeshinda na Mama.

Wifi, ule usiku wa Oktoba haujanitoka. Midomo imempasuka, maneno hayaungani, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Sote tulidhani malaria imepanda kichwani. Daktari akamfungua kinywa, akatuonyesha ulimi ulivyokauka, akasema maji yamempungua mwilini, basi. Chupa mbili za dripu, na asubuhi Mama akaniuliza kama kuku walifungiwa. Nilitoka nje nikalia. Mtu wa miaka 76 alitaka kutuponyoka kwa kukosa maji, na ndoo zimejaa ndani ya nyumba. Daktari alitueleza kwamba mtu akizeeka kiu nayo hupungua, mwili unahitaji maji na hausemi. Nikaondoka na neno hilo, nikalibeba safari nzima.

Sasa nianze na treni. Hii ya mwendokasi, tangu ianze 2024 sijaipanda mpaka safari hii, na kweli Dodoma hadi Dar safari haikuchukua hata saa nne. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima wa Songea, anatoka kumsalimia mwanawe. Tulipopita Morogoro akatoa kwenye kikapu chupa ya togwa, akanimiminia kikombe bila kuniuliza. Nene kidogo, chachu kidogo, na utamu ambao si wa sukari. Nikamuuliza anaitengenezaje.

Anapika uji wa mahindi mzito, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, ule wa kutia kidole usikuunguze. Hapo anatia kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Anakoroga. Anasema ukikoroga unauona uji unalegea hapo hapo mwikoni, kama kuna mtu ameongeza maji. Kimea ndicho kinachokata ule uzito wa wanga na kuutoa utamu wake. Halafu unafunikwa, unalala, asubuhi umeshika chachu. Unanywewa siku hiyo au ya pili. Ukiuacha zaidi unaelekea kwenye pombe, na huo si wa Mama.

Jambo hili lina utafiti wake hapa hapa nchini. Miaka ya 1990 wataalamu wetu, akiwamo Dkt. Wilbald Lorri aliyekuja kuongoza Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walichunguza uji uliochachushwa namna hii, wakaona watoto wanaounywa wanaharisha mara chache kuliko wanaokunywa uji wa kawaida. Ile chachu huwanyima vijidudu vibaya pa kukaa. Kwa hiyo togwa ni chakula na maji kwa pamoja, na kwa mtu kama Mama, ambaye sahani ya ugali inamchosha kabla hajafika nusu, naona ni kitu cha kumpa saa nne asubuhi.

Dar nililala usiku mmoja, alfajiri nikaenda Mbezi kupanda basi la Tanga. Na ndani ya basi hilo, wifi, ndimo nilimomwelewa Mama.

Tangu nilipoamka sikunywa hata tone. Nilifanya hivyo kwa makusudi, kama kila mwanamke anayesafiri. Ukinywa utahitaji kuchimba dawa, na dereva anasimama anapotaka yeye, kichakani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kanga moja mnafichana watatu. Pembeni yangu alikaa binti ananyonyesha, mtoto wa miezi mitano hivi. Ana chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Nikamwambia, mwanangu, wewe unanyonyesha, kunywa. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mama, nitashukaje na mtoto?" Tukakaa na kiu zetu. Tulipofika Segera kichwa kinanigonga, mate mazito. Nikaiangalia ile chupa yake haijafunguliwa, nikamwona Mama.

Mama hasahau kunywa. Wala si kwamba hasikii kiu kabisa. Mama anaogopa choo! Choo chetu kiko uani, ni giza, kuna lile jiwe la kufulia, na pale pale ndipo alipoteleza mwaka juzi akaumia nyonga. Sisi tunamwekea jagi mezani tunamwambia "Mama kunywa," na yeye anahesabu ni mara ngapi ataamka usiku. Nakumbuka alivyokuwa akimwaga kikombe kwenye lile ua la dirishani ukigeuka. Haukuwa ukarimu kwa ua.

Kwa hiyo kabla ya kinywaji chochote, nakuomba mambo mawili. Kaka aweke taa ya sola pale uani na alitoe lile jiwe. Na chumbani kwa Mama tuweke ndoo yenye mfuniko, ile ya usiku, tusione haya. Kisha kunywa kwake tukuanzishe mapema. Vikombe vingi viwe kati ya alfajiri na alasiri. Jua likizama tumwache apumzike na kikombe kidogo cha dawa zake tu. Mtu akijua usiku wake uko salama, mchana atanyoosha mkono mwenyewe.

Tanga nilifikia kwa Shangazi, Ngamiani. Alinipokea kwa machozi, akamuulizia Mama kabla hajaniuliza mimi: "Wifi yangu hajambo? Anakula? Anakunywa?" Nikamsimulia ya Oktoba. Hakunijibu. Akaniandalia chakula, nikala, nikalala. Asubuhi akaniita jikoni, akasema, "Njoo utazame, usiandike kwanza, tazama."

Alitwaa ukwaju uliokandamizwa, kipande cha ukubwa wa ngumi ya mwanamke, kama robo kilo. Akauweka kwenye bakuli la udongo, akaumwagia maji yaliyochemka na kupoa, ya uvuguvugu, mpaka yakaufunika. Akauacha muda wa kupika wali. Aliporudi akaingiza mkono akaanza kufikicha. Wifi, ndipo pana kazi pale. Anabana, anaachia, mbegu zinamtoka kati ya vidole zimeng'aa kama viatu vipya, nyuzi anazivuta moja moja anazitupa. Maji yanakuwa mekundu, kisha ya kahawia, kisha mazito. Akachuja. Akarudisha makapi bakulini, akayatia maji mengine, akafikicha tena, akachuja tena. "Usiutupe ukwaju kabla haujasema la mwisho," akaniambia. Jumla yake ikafika lita mbili. Akakuna tangawizi mbichi kidole kimoja, akatwanga iliki punje nne, akavitia. Sukari vijiko vitatu vya chakula kwa lita zote mbili. Nikaonja nikafumba macho kwa ukali wake, akacheka, akasema ngoja upoe. Ulipopoa ukali ule uliuamsha mdomo mzima, mate yakajaa, nikaomba kikombe cha pili bila kufikiri. Hicho ndicho ninachokitafuta kwa Mama, kinywaji kinachoomba chenyewe kikombe cha pili. Uangalie tu usimpe mwingi siku ya kwanza, ukwaju hulainisha tumbo. Kikombe kimoja, umwone.

Shangazi hana jokofu, ana mtungi. Umekaa pembeni mwa dirisha juu ya mchanga uliolowa, na kabla ya kuutia maji huufukiza ubani, basi maji yanatoka na harufu ya ugeni na heshima. Mtungi hupoza kwa sababu udongo unavuja jasho, na upepo ukilikausha lile jasho unaondoka na joto. Lakini Tanga hewa yenyewe imelowa, jasho la mtungi linachelewa kukauka, maji yanapoa kiasi tu. Dodoma kwetu, na ule upepo mkavu wa mchana, mtungi ule ule utapoza vizuri zaidi. Ule mtungi wa Mama uliogeuzwa kuwa wa kuwekea mkaa, naomba uoshwe. Kama umekwisha kushika vumbi la mkaa ndani, nunua mwingine sokoni, nitakurudishia hela.

Shangazi alitaka kutia chumvi kidogo kwenye ukwaju wake, ndivyo anavyofanya kwa vijana wanaobeba mizigo. Nikamzuia kwa ajili ya presha ya Mama. Na hapa, wifi, nataka tuelewane vizuri, maana watu huchanganya. Anayetoka jasho jingi shambani hupoteza maji na chumvi pamoja, kwake chembe ya chumvi kwenye kinywaji ni haki. Mama anayekaa kivulini chumvi yake iko kwenye mchuzi, inatosha, na pengine inazidi. Kinywaji chake cha kila siku kisitiwe chumvi.

Ila akiharisha, yeye au mtoto yeyote hapo nyumbani, hesabu inabadilika. Hapo usimpe ukwaju, wala juisi tamu, sukari nyingi huvuta maji kuelekea tumboni na kuharisha kunazidi. Pakiti ya ORS iwepo kabatini wakati wote. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, visiwe na mlima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukari kidogo na chumvi kidogo vikifika pamoja kwenye utumbo hufungulia maji mlango wa kuingia mwilini. Jambo dogo hivi limeokoa watu wengi mno. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowamwaga wakimbizi India na kipindupindu kikawaingia, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kambini Bangaon, akaamua kuwagawia maji ya sukari na chumvi, ndugu za wagonjwa wakawanywesha wenyewe kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Nikilifikiria hilo nakumbuka zile dripu mbili za Mama, na kwamba kama kikombe kingetangulia wiki moja kabla, tusingezihitaji.

Jumamosi iliyofuata Shangazi akanipeleka Pangani. Barabara inapita kwenye mkonge, halafu minazi, halafu ghafla unauona mto ukimwagika baharini na pantoni likivuka kwenda Bweni. Tulikaa kwenye shamba la jamaa zake. Kijana mkwezi akapanda kwa vidato, kamba kiunoni na panga mgongoni, mpaka shingo ikaniuma kwa kumtazama. Hakuyaangusha madafu, alilishusha kole zima kwa kamba, polepole, kwa sababu dafu likipasuka limekwenda. Aliposhuka akaniuliza, "La maji au la nyama?" La maji ni changa, linajaa tele na nyama yake bado ute. La nyama limekaa siku zaidi. Nikasema la maji. Akaligeuza kiganjani, panga mara tatu juu, mara ya nne kwa ncha tu, maji yakaruka yakamlowesha kidevu. Nikanywa nikiwa nimesimama, yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilipomaliza akalipasua kati, akachonga kipande cha kumbi kiwe kijiko, nikakomba.

Watu husema dafu ni dripu ya mtini. Lina utajiri mkubwa wa potasiamu, hilo kweli, na baada ya jua kali halina mpinzani kwa ladha. Sodiamu yake lakini ni ndogo, ndiyo maana kwa anayeharisha halishiki nafasi ya ORS. Na kwa Mama muulize daktari kwanza. Zipo dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, na figo za mtu mzima nazo hazina kasi ya zamani. Uende na maboksi ya dawa zake zote, usimtajie kwa kichwa. Ubuyu nao umuulizie hapo hapo, una potasiamu pia.

Basi nikarudi Dar, nikapanda boti, na sasa niko kwa mwenyeji wangu Mji Mkongwe. Jioni ya kwanza tulikwenda Forodhani kama wageni wote. Yule wa miwa anakunja muwa na ndimu na kipande cha tangawizi ndani yake, anaupitisha kwenye mashine, unatoka kijani na povu. Mtamu sana, na mimi nilifurahi. Kwa Mama hapana. Sukari yake iko mpakani, na barafu ile hujui maji yake yametoka wapi.

Kilichonikamata Unguja ni mabungo. Huko bara wengi hatuyajui. Ni tunda la mtambaa wa msituni, ganda gumu la rangi ya chungwa, ndani mbegu zimevaa nyama yenye nyuzi. Mwenyeji wangu aliyapasua kwa mchi, akazikusanya mbegu sufuriani, akazitia maji ya moto na kukoroga kwa mwiko muda mrefu mpaka nyama ikaachia, akachuja. Rangi yake ni ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Ukali wake unapita wa ukwaju, na harufu yake, wifi, sina cha kuifananisha nayo. Yeye hutia sukari vikombe viwili kwa jagi moja. Nikamwomba jagi langu atie nusu kikombe tu, akanionea huruma. Nikanywa. Kesho yake akaonja langu kabla ya lake. Ulimi hufundishika, lakini kwa mwendo wa pole, kijiko kimoja kimoja kila wiki. Tukimpokonya Mama utamu kwa siku moja atarudi kwenye kumwagilia ua.

Na huku ubuyu ndio kila kona, ule mwekundu wa sukari na pilipili wanaomumunya watoto. Nikaukumbuka ubuyu wetu mweupe, unaojikaushia wenyewe ndani ya ganda ungali mtini. Mama ni Mgogo, amekulia chini ya mibuyu. Sitakuandikia vipimo vya ubuyu, nataka uvipate kwake. Daktari akikubali, mkalishe jikoni, mpe bakuli, mwambie kwamba mimi nimesahau bibi alikuwa akiukorogaje, akuonyeshe. Wewe angalia tu maji yasiwe ya kuchemka, moto unaila vitamini C yake. Akishakoroga kwa mkono wake ataonja, na akionja amekunywa.

Rosela nimenunua kidogo. Inasemwa hushusha presha, na uchunguzi uliofanywa umeona hivyo kwa kiasi, lakini yeye ana vidonge, viwili vikishusha pamoja anaweza kupata kizunguzungu. Hiyo iwe yako na kaka.

Chai yake ya rangi usimzuie. Nilikuwa nikikugombeza kwamba chai inakausha maji, nilikosea, nisamehe. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwapa wanaume 72 vinywaji mbalimbali na kupima mkojo wao, chai haikuonekana kuwatoa maji kuliko maji yenyewe, na maziwa yakakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo chai yake ya asubuhi tuihesabu, iwe kikombe chake cha kwanza.

Kifurushi nitakituma kwa basi Jumatano nikivuka Dar, kaka akipokee jioni stendi. Ndani mna ukwaju kilo mbili, iliki, kimea cha yule mama wa Songea alichoniachia kwenye mfuko wa kaki, na ubani wa kufukizia mtungi. Mna pia kata ya kifuu, mpini wake mrefu, mweusi kwa kushikwa. Shangazi aliitumia miaka mingi, ameitoa kwenye mtungi wake mwenyewe. Mpe Mama mkononi, usiiweke kabatini, mwambie imetoka kwa wifi yake wa Tanga na kwamba kila jioni atapiga simu kumuuliza amechota mara ngapi. Usiioshe kwa sabuni, Shangazi amekataza, itashika harufu. Maji ya moto na majivu yanatosha.

Nibusie watoto.

Wifi yako.